Dakika 31 zilizoficha foleni: kisa cha takwimu za kujitengenezea katika modeli ya EMD mkoani Lindi

Kisa hiki ni cha hospitali moja ya serikali mkoani Lindi iliyotaka kujua ifanye nini na idara yake ya dharura (EMD) kabla msimu wa korosho haujaanza. Jina, wilaya na mwaka vimeondolewa. Namba zimezungushwa na kusogezwa kidogo ili hospitali isitambulike, ila uwiano kati yake umelindwa, kwa hiyo msomaji akitaka kurudia hesabu kwa kalamu zitamkubalia. Kimeandikwa kwa ajili ya watakwimu wa hospitali, wauguzi viongozi na wanaojenga modeli za uigaji (zinazoiga mwenendo wa wagonjwa kwenye kompyuta), hasa wale wanaopokea ripoti ya programu ilivyo na kuipeleka kikaoni, bila kujitengenezea takwimu, yaani vipimo wanavyovifafanua wenyewe kutokana na matukio ya modeli.

USULI

EMD ina vitanda 8. Hupokea wagonjwa wapatao 60 kwa siku. Zamu ya asubuhi ina madaktari wawili, zamu za jioni na usiku zina mmoja mmoja. Wagonjwa hupangwa kwa rangi za kipimo cha triaji (upangaji kwa uharaka wa hali) cha Afrika Kusini, SATS: nyekundu aonwe papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Wa kijani hapewi kitanda, huonwa akitokea kwenye benchi.

Mzigo wa jioni una sababu zake. OPD, idara ya wagonjwa wa nje, ikifunga alasiri, kila mwenye homa huelekezwa EMD. Vituo vya afya vinavyotoa rufaa hujaribu kumtibu mgonjwa mchana kutwa, na gari huondoka jua likiwa limeinama. Ajali za bodaboda nazo huongezeka giza linapoingia, na zaidi kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza na fedha kuingia mitaani.

Malalamiko yalikuwa mengi na mapendekezo yalikuwa matatu. Mganga mfawidhi alitaka kuongeza daktari wa pili zamu ya jioni. Kamati ya hospitali ilipenda kuongeza vitanda viwili, maana kitanda kinaonekana kwa macho. Muuguzi kiongozi wa EMD alisema tatizo ni wodi kutopokea wagonjwa jioni. Bajeti ilitosha jambo moja. Ndipo ikaundwa timu ya watu wanne: mtakwimu wa hospitali, muuguzi huyo, daktari mmoja, na mjenzi wa modeli kutoka nje.

MODELI ILIVYOJENGWA

Programu iliyotumika ni Arena, lakini yanayofuata yanahusu programu yoyote ya uigaji wa matukio, iwe AnyLogic, Simul8 au SimPy ya Python. Mgonjwa huingia kwa kasi inayobadilika kila saa, hupita triaji, hushika kitanda kama rangi yake inataka, huingia foleni ya daktari, hupelekwa maabara au eksirei, hurudi kwa daktari huyohuyo kwa mapitio ya majibu, kisha huruhusiwa, hulazwa au hupewa rufaa.

Takwimu za kulisha modeli zilitoka kwenye vitabu na mfumo wa kompyuta, na hapo ilihitajika kazi ambayo vitabu vya uigaji haviigusi. Kompyuta huandika 19:40. Kitabu cha triaji huandikwa kwa saa zetu, 1:40, tena mara nyingi bila neno "usiku". Ukichanganya safu hizo mbili bila kuzisawazisha, mgonjwa aliyefika 14:20 ataonekana kaonwa saa 6 kabla hajafika, na wa jioni atapata muda hasi wa saa 18. Timu iliweka kanuni ya kuchuja: muda wowote ulio hasi, au uliokaribia mno saa 6, 12 au 18, urudishwe kwa muuguzi aliyeandika. Mistari mingi iliyotiliwa shaka ilipona kwa njia hiyo.

Tatizo la pili lilikuwa majeruhi. Baadhi ya makarani walisubiri PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, iletwe ndipo wafungue faili, hali mgonjwa ameshawekwa dripu. Muda wa kufika uliosajiliwa ulikuwa wa karatasi. Kwa wiki mbili muuguzi mmoja wa kila zamu alijaza fomu fupi mlangoni, akizungushia asubuhi, mchana, jioni au usiku pembeni ya saa. Fomu hizo ndizo zilizoaminiwa.

RIPOTI YA KWANZA

Modeli ilipokimbizwa, ripoti ya programu ilitoa mambo mawili yaliyosomwa kikaoni: wastani wa kusubiri daktari ni dakika 31, na madaktari wana shughuli asilimia 62 ya muda wao. Kwa haraka ikaonekana hakuna dharura yoyote. Muuguzi kiongozi aliikataa pale pale: hiyo si EMD anayoifanyia kazi.

Alikuwa sahihi, na modeli nayo haikuwa na kosa. Ripoti ilikuwa imejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Takwimu hizo mbili za programu huhesabiwa kwa foleni na kwa rasilimali. Mgonjwa hazimjui. Foleni ya daktari ilikuwa ikihesabu kila aliyepita hapo, na katika modeli hii watu walipita mara mbili: kuonwa mara ya kwanza, kisha kurudi na majibu ya maabara. Kwa kila wagonjwa 60 walioonwa mara ya kwanza, wakisubiri wastani wa dakika 48, kulikuwa na mapitio 50 yaliyosubiri dakika 10 tu. Jumla ni dakika 3,380 kwa mipito 110, yaani dakika 31. Mapitio mafupi yalikuwa yakizimua dawa.

Na hata hizo 48 hazikuwa zote, kwa sababu mgonjwa wa njano huanza kwa foleni ya kitanda. Ripoti iliiandika foleni hiyo ukurasa mwingine, kwa jina lake. Kujumlisha wastani wa foleni mbili hakusaidii, kwani waliopita foleni moja si wote waliopita nyingine. Wa kijani hawakukaribia foleni ya kitanda kabisa.

Asilimia 62 nayo ilikuwa mchanganyiko wa zamu. Asubuhi madaktari wawili walikuwa na kazi asilimia 66 ya muda, jioni mmoja asilimia 80, usiku mmoja asilimia 36. Asilimia 80 si haba, ila si daktari aliyezidiwa pia. Hilo lilikuwa dokezo la kwanza kwamba kizuizi kiko kwingine.

TAKWIMU ZILIZOTENGENEZWA

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kiufundi na ndio uliookoa muda mwingi baadaye: badala ya kubuni kila takwimu ndani ya modeli, kila tukio la mgonjwa liandikwe kwenye faili, na hesabu zifanyike nje. Katika Arena hufanywa kwa moduli ya ReadWrite ikiandika thamani ya TNOW, yaani saa ya modeli kwa wakati huo. Katika SimPy ni kuongeza mstari kwenye orodha kwa kusoma env.now. Mgonjwa mmoja alionekana hivi, dakika zikihesabiwa tangu saa 6 usiku, mapitio yakiwa yameachwa:

417, njano, kufika, 1065
417, njano, triaji, 1074
417, njano, kitanda, 1131
417, njano, daktari, 1149
417, njano, uamuzi_kulaza, 1262
417, njano, kuondoka_EMD, 1618

Huyu kafika saa 11:45 jioni. Ripoti ya programu ilimwandikia dakika 18 za foleni ya daktari, tofauti ya 1149 na 1131. Yeye mwenyewe, tangu mlangoni, kasubiri dakika 84, na lengo la njano ni 60. Halafu, baada ya daktari kuamua alazwe, kakaa juu ya kitanda cha EMD dakika 356 zaidi. Mistari sita tu, na tayari mjadala wa kikao ulikuwa umebadilika.

Takwimu ya kwanza: sehemu ya wagonjwa wa kila rangi walioonwa ndani ya lengo, ikigawanywa kwa saa ya kufika. Saa inaanza mgonjwa anapofika mlangoni, hata kama faili lake halijafunguliwa. Ubishani mkubwa ulikuwa juu ya walioondoka bila kuonwa. Tuseme wa njano ni 100: 60 wameonwa kwa wakati, 25 wamechelewa, 15 wamechoka wakaenda zao. Ukiwatoa 15 hao kwenye hesabu, unapata 60 kwa 85, asilimia 71. Ukiwaacha, unapata asilimia 60. Njia ya kwanza ina ubaya mmoja ambao hauvumiliki: kadiri watu wanavyokimbia, ndivyo hospitali inavyopata alama nzuri. Timu iliamua kila aliyeondoka ahesabiwe amekosa lengo, na idadi yao iripotiwe pembeni.

Waliobadilika rangi walileta kazi pia. Mtoto anaingia kijani, baada ya saa moja homa imepanda na kupumua kumebadilika, anakuwa njano. Alipewa sifa mbili, rangi ya kwanza na rangi ya mwisho. Lengo lilipimwa kwa rangi ya kwanza, na waliobadilika wakahesabiwa peke yao, saa ikianza upya kwenye triaji ya pili. Usipofanya hivyo, mgonjwa anahamia kundi la njano akiwa ameshapitisha dakika 60 na unaliadhibu kundi ambalo halijamkosea.

Takwimu ya pili ilikuwa ya kitanda kwa wagonjwa wa nyekundu. Hapa kuna mtego mzuri. Unaweza kupima sehemu ya muda ambao vitanda vyote 8 vimejaa. Hiyo ni takwimu yenye uzito wa muda, na modeli ilitoa asilimia 22. Au unaweza kumhesabu kila mgonjwa wa nyekundu anapofika na kuuliza, kakuta kitanda au hakukuta? Jibu likawa asilimia 41 hawakukuta. Namba mbili hizi zingelingana kama wagonjwa wangefika kwa kasi moja mchana na usiku kwa mtindo wa Poisson, yaani kwa nasibu, kila mmoja bila kumtegemea mwingine. Hapa hawafiki hivyo: wa nyekundu huja wengi jioni, na jioni ndipo vitanda vimejaa. Anayepanga vifaa ataitaka ya kwanza; anayejibu kwa ndugu wa mgonjwa aitazame ya pili. Timu iliripoti zote mbili, kila moja kwa jina lake kamili.

Takwimu ya tatu ndiyo iliyoamua kisa: saa za vitanda zilizoshikwa na watu ambao EMD imeshamaliza nao. Vitanda 8 kwa saa 24 ni saa 192 za vitanda kwa siku. Wagonjwa 9 kwa siku waliamuliwa walazwe, na kila mmoja alibaki EMD wastani wa saa 6 baada ya uamuzi. Hizo ni saa 54, asilimia 28 ya vitanda vyote. Kwa ripoti ya programu kitanda hicho kilihesabika "kinatumika", sawasawa na kitanda ambacho mtu anafungwa jeraha. Ili kuzitenganisha ilibidi tukio la uamuzi wa kulaza liwepo katika modeli kama tukio lenye muda wake, wakati mchoro wa kwanza ulikuwa umelifungia ndani ya "matibabu" pamoja na mengine yote.

Kulikuwa na ya nne, urefu wa vipindi ambavyo zaidi ya watu 10 wanasubiri kwa mfululizo. Ilipendeza kwenye grafu, haikubadilisha uamuzi wowote, ikaachwa.

KUZIKAGUA KABLA YA KUZIAMINI

Takwimu ya kujitengenezea haina aliyeijaribu kabla yako. Ukaguzi uliolipa zaidi ni kanuni ya Little, iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961: wastani wa watu waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kukaa. Wagonjwa 60 kwa siku ni 2.5 kwa saa. Faili la matukio lilisema wastani wa kukaa ni saa 3.6, kwa hiyo ndani wangekuwamo watu 9.0. Kihesabio chenye uzito wa muda kilisema 10.4.

Tofauti ya mtu mmoja na nusu hivi ingeweza kupuuzwa kama bahati ya namba nasibu. Haikupuuzwa, na ilitoka kwenye mlango wa rufaa: wagonjwa 4 kwa siku wanaopelekwa hospitali ya juu zaidi walikuwa wakitoka kwenye modeli kupitia njia isiyoandika tukio la mwisho. Kila mmoja wao alikaa wastani wa saa 12, nyingi zikiwa za kusubiri gari la wagonjwa. Wagonjwa 56 kwa saa 3.6 na 4 kwa saa 12 ni karibu saa 250 kwa siku. Gawanya kwa 60 unapata saa 4.16, na 2.5 mara 4.16 ni 10.4. Hesabu ikafunga. Zaidi ya kufunga, ilifichua kwamba wanaosubiri gari hushika saa 36 za vitanda kwa siku, asilimia 19. Ukichanganya na wanaosubiri wodi, karibu nusu ya vitanda vya EMD vilikuwa chini ya watu ambao uamuzi wao umeshatolewa.

Mitego mingine mitatu ilikamatwa, na yote hujirudia kwa wanaoandika takwimu zao.

Kipindi cha kuanzia. Kila rudio, yaani kila mara modeli ilipokimbizwa upya kwa namba nasibu nyingine, lilikuwa la siku 35, na siku 7 za kwanza zikatupwa kwa sababu modeli huanza ikiwa tupu. Programu hufuta takwimu zake yenyewe siku ya 7 ikiisha. Faili lako na vigeu vyako haivigusi. Ukisahau kuchuja, utachanganya wiki ya modeli tupu na wiki nne halisi, na matokeo yatapendeza kuliko ukweli.

Mwisho wa rudio. Modeli ikisimama, waliobaki kwenye foleni hawajaandikwa popote, na wao ndio waliosubiri kuliko wote. Dawa iliyotumika: wahesabiwe wote waliofika kati ya siku ya 8 na ya 35, kisha modeli iendelee siku moja zaidi ili wamalize. Kigezo kiwe siku ya kufika, kwa sababu ukichuja kwa siku ya kutoka unarudisha tatizo kwa mlango wa nyuma.

Wastani wa asilimia. Siku yenye wagonjwa 4 wa njano, 3 wakichelewa, ni asilimia 75. Siku yenye 40, wakichelewa 8, ni asilimia 20. Wastani wa asilimia hizo ni 47.5, lakini waliochelewa ni 11 kati ya 44, yaani asilimia 25. Ndani ya kila rudio jumlisha watu kwanza, gawanya mwisho. Baada ya hapo kila rudio linatoa namba moja, na namba hizo ndizo unazozitafutia wastani na upeo wa uhakika (confidence interval).

Marudio yalikuwa 40. Kwa asilimia ya njano ya jioni, tofauti sanifu (standard deviation) kati ya marudio ilikuwa kama pointi 6, na hiyo inatoa upeo wa uhakika wa asilimia 95 wa pointi 1.9 kila upande. Kuupunguza hadi pointi 1 kungehitaji marudio karibu 150. Haikuwa lazima, kwani mapendekezo yote yalikimbizwa kwa mbegu zilezile za namba nasibu, wagonjwa walewale kwa saa zilezile, na kilicholinganishwa ni tofauti ya kila rudio na mwenziwe.

MAPENDEKEZO YALIVYOSHINDANISHWA

Kipimo kilichokubaliwa na wote kabla ya kuona matokeo ni asilimia ya wagonjwa wa njano waliofika kati ya saa 11 jioni na saa 4 usiku wakaonwa ndani ya dakika 60. Kukubaliana kabla kulikuwa uamuzi wa busara. Baada ya matokeo kila mtu huwa na kipimo anachokipenda.

Hali ya sasa: asilimia 43. Kwa siku nzima ingekuwa 71, ndiyo maana saa ya kufika ilibidi ionekane.

Daktari wa pili jioni: asilimia 47. Alipunguza foleni ya walioko kitandani, lakini wa njano wengi walikuwa bado benchi wakisubiri kitanda, na daktari hawezi kumpima kwenye kitanda ambacho hakipo.

Vitanda viwili: asilimia 52. Vilisaidia, navyo vikajaa jioni kwa watu walewale wanaosubiri wodi.

Kuhamisha wodini ndani ya saa 2 tangu uamuzi: asilimia 64. Kwa karatasi inashangaza, kwa sababu vitanda viwili vipya huongeza saa 48 kwa siku na uhamisho huu huokoa saa 36 tu, yaani wagonjwa 9 mara saa 4. Tofauti iko kwenye muda wa siku. Kitanda kipya kipo hata alfajiri kisipohitajika. Saa 36 zilizookolewa karibu zote zinaangukia kati ya saa 10 jioni na saa 7 usiku, sawa na kuwa na vitanda 4 zaidi kipindi hicho.

Sasa tazama dakika za ripoti ya programu, zile 31. Daktari wa pili alizishusha hadi 22. Uhamisho wa wodini ulizipandisha hadi 33, kwa kuwa wagonjwa wengi zaidi waliingia vitandani na kufika foleni ya daktari mapema. Aliyeshika ripoti ile peke yake angechagua pendekezo dhaifu kuliko yote na kulikataa lililo bora.

Uongozi ulichukua uhamisho. Hatua zilikuwa za kawaida kabisa: EMD inapiga simu wodini uamuzi ukitolewa, faili la kulazwa linafunguliwa kitandani kwa mgonjwa badala ya ndugu kwenda dirishani, daktari wa wodi anaweza kusaini baada ya mgonjwa kufika, na mhudumu mmoja wa machela alihamishiwa zamu ya jioni.

MATOKEO

Fomu za mlangoni zilirudi kwa wiki kadhaa za msimu wa korosho. Uhamisho ulishuka kutoka saa 6 hadi karibu saa 3. Saa 2 haikufikiwa. Wa njano wa jioni walioonwa kwa wakati walifika asilimia 57. Modeli ilipokimbizwa upya ikiwa na saa 3 ilitoa 58, jambo lililowapa watu imani nayo kuliko mawasilisho yoyote.

Mvua za msimu na malaria yake zilipoingia, mafanikio yakalegea. Wodi ya watoto ilijaa, wodi ya wanaume nayo, na simu za EMD zikawa zinajibiwa "hatuna kitanda". Uhamisho ulirudi juu ya saa 4.

UCHAMBUZI

Kilichofanya kazi zaidi ni faili la matukio. Swali jipya lilipoulizwa kikaoni, kwa mfano wa chungwa wanaofika kwa rufaa wanasubiri kiasi gani, jibu lilipatikana siku hiyohiyo bila kugusa modeli. Gharama yake ni ukubwa: wagonjwa 60 kwa siku 35 kwa marudio 40 ni watu 84,000, kila mmoja na mistari sita au zaidi, na hiyo ni kwa hali moja tu kati ya nne zilizolinganishwa. Excel inagota kwenye mistari 1,048,576 kwa karatasi, kwa hiyo tumia R au Python tangu mwanzo.

Kumweka muuguzi kiongozi kwenye ufafanuzi wa takwimu, siyo kwenye usomaji wa matokeo tu, kulikuwa na thamani kubwa. Tukio la uamuzi wa kulaza lisingekuwamo bila yeye. Wajenzi wengi wa modeli humwita muuguzi mwishoni "kuthibitisha", na kufikia hapo matukio yasiyoandikwa hayawezi kuhesabiwa tena.

Kilichokwama kwanza ni wodi. Modeli ilizichukulia kama mlango usio na ukomo, anayelazwa hutoweka. Takwimu ya saa za vitanda ilipima kwa usahihi muda wa kusubiri, lakini sababu ya kusubiri ilikuwa imefungwa ndani ya mtawanyo mmoja wa muda, uliochukuliwa kipindi cha kiangazi. Takwimu nzuri juu ya sehemu ya modeli iliyorahisishwa kupita kiasi hutoa majibu yanayoaminika mno.

Pili, uvumilivu wa wanaoondoka bila kuonwa ulikuwa wa kukisia. Hakuna kitabu kinachoandika saa mtu alipochoka akaondoka. Hugundulika anapoitwa jina. Kwa hiyo idadi ya walioondoka katika modeli inafaa kulinganisha mapendekezo, haifai kutabiriwa kikaoni kama namba ya mwezi ujao. Kwenye wasilisho iliwekwa bila onyo hilo, ikanukuliwa.

Tatu, majeruhi wa gari moja hufika pamoja. Modeli iliwaingiza mmoja mmoja, hivyo asilimia 41 ya wa nyekundu waliokosa kitanda huenda ni ndogo kuliko hali halisi ya usiku wa ajali.

Nne, lengo la dakika 60 lilianza kubadili tabia. Mwezi wa pili wa vipimo, wa njano wengi walionwa kati ya dakika 55 na 60, na wa kijani wakasubiri zaidi. Asilimia ya lengo haioni tofauti ya aliyesubiri dakika 61 na aliyesubiri 240, kwa hiyo iliongezwa pasentaili ya 90: muda ambao wagonjwa 90 kati ya 100 wanakuwa wameshaonwa. Kwa wa njano wa jioni, kila rudio lilikuwa na takriban 170 wa kuhesabu, na 17 tu walio juu ya mstari huo, basi namba hiyo hutikisika na lazima itolewe na upeo wake wa uhakika.

Toleo la pili la modeli linaziweka wodi kama rasilimali zenye idadi ya vitanda, linaingiza majeruhi kwa makundi, na linagawanya tukio la kulaza mara mbili: dakika za kusubiri kitanda cha wodi, na dakika za kusubiri machela na mhudumu kitanda kikiwa kimeshapatikana. Fomu ya mlangoni imeongezwa safu moja kwa ajili hiyo, "wodi imesema kipo, saa ngapi", na hujazwa na anayepiga simu.